Barua kutoka Paya: mawe yanayosafiri

Paya, Tororo, Uganda
Januari

Ami yangu,

Naandika chini ya mwembe hapa Paya, nyumbani kwa wazazi wa rafiki yangu niliyesoma naye, na hatua chache mbele yangu pana mifuko ya simiti iliyopangwa juu ya mbao isinyonye unyevu wa ardhi. Uliniagiza nikuangalizie simiti ya huku, wewe uliyekula umri wako kando ya tanuri la simiti la Bamburi, Mombasa, na hukupata kuvuka mpaka wa Malaba. Nimeangalia, nimeuliza watu, nimesoma hata maandishi madogo ya kwenye mifuko. Mengine nitakayoyasema unayajua kuliko mimi, ila najua utawasomea watoto barazani, kwa hiyo niwie radhi nikiyafafanua.

Paya iko Budama Magharibi, ng'ambo ya magharibi ya mji wa Tororo, nchi ya Jopadhola. Lugha yao ni ndugu wa Kijaluo, na mtu wa Kisumu akisema polepole husikilizana nao. Ni nchi ya mihogo, wimbi na karanga, na mabonde yanayolimwa mpunga. Ukielekea mjini, jabali la Tororo linakukabili mbele muda wote, limesimama peke yake katikati ya tambarare, kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Mpaka wa Kenya uko mwendo mfupi kutoka mjini: Malaba kwa mashariki, Busia kwa kusini. Na katika ukanda huu mdogo kuna viwanda vitatu vya simiti. Kuna Tororo Cement, mkongwe wao. Kuna kiwanda cha pili cha Hima, kilichojengwa Nyakesi na kuzinduliwa 2018. Na kuna Simba Cement ya kundi la Devki kutoka Kenya, iliyofuata karibu wakati huo huo.

Mtu angetarajia basi kuwa mwanakijiji wa Paya, anayekaa karibu hivi na viwanda vyote hivyo, simiti kwake ni kitu cha kawaida. Lakini mfuko mmoja wa kilo 50 dukani huwa kati ya shilingi 30,000 na 40,000 za Uganda, na kwa mkulima hizo ni siku nyingi za kibarua. Ndiyo maana namna wanavyoitumia imenigusa sana.

Mzee mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu, naye anajenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Kiangazi hiki ndicho majira ya ujenzi, kabla mvua za Machi hazijaja. Fundi wake anapanga matofali kwa udongo wa kichuguu, ule unaonata, wala hatii simiti hata chembe kwenye kuta. Simiti imetengewa sehemu nne tu: msingi, linta juu ya milango na madirisha, sakafu, na plasta ya upande wa nje unaopigwa na mvua. Kila mfuko una kazi yake tangu haujafunguliwa. Fundi anapima mchanga kwa toroli, na kabla ya kuupokea huuteka kiganjani, akaukamua na kuuachia. Ukimwachia tope mkononi anaurudisha kwa mwenye nao. Kisha anafanya kilima cha mchanga na simiti, anakitoboa katikati, anamimina maji kidogo kidogo na kukoroga kwa koleo kutoka pembeni kwenda ndani, ili maji yasikimbie na unga. Vidole vyake vimepasuka mpaka kwenye viungo, maana simiti mbichi ni kali, inakula ngozi. Jioni hupaka mafuta ya kupikia.

Mfuko ukiisha hautupwi. Mama mwenye nyumba huukung'uta juu ya beseni, unga uliobaki kwenye mikunjo wanaupaka kwenye ufa wa birika la maji, na mfuko wenyewe unawekewa karanga.

Kwenye mifuko hiyo nimeona namba mbili, 32.5 na 42.5. Fundi anaziita tu "ya plasta" na "ya zege". Ya kwanza ina majivu mengi ya volkano yaliyosagwa pamoja na klinka, vile vijiwe vinavyotoka tanurini, na Uganda inayo majivu hayo kwa wingi, kwa mfano huko Kabarole karibu na Fort Portal. Ya pili ina klinka zaidi na hukamata nguvu kubwa katika siku 28. Nilimuuliza muuza duka mmoja ipi inatoka haraka. Akasema ya plasta, kwa kuwa ni rahisi, na wengine huimwagia hata nguzo. Hilo lilinitia hofu, nikamwambia mwenyeji wangu aulize kabla ya kununua mifuko ya linta. Akaniambia fundi wake alishamwonya.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nilikuja nikiamini kwamba viwanda viko Tororo kwa sababu mawe yako Tororo. Kwa kiwanda cha kwanza ilikuwa hivyo. Kwa leo, sehemu kubwa ya jibu iko barabarani.

Mawe ya hapa, Ami, hayafanani na yetu. Chokaa ya Bamburi ni matumbawe, mifupa ya viumbe wa bahari iliyorundikana kabla bahari haijarudi nyuma. Babu zetu waliichoma kwenye tanuu za magogo, na Wareno walipojenga Fort Jesus kuanzia 1593 waliikuta tayari. Chokaa ya Tororo imetoka motoni. Vilima hivi vya Tororo na Sukulu ni mabaki ya volkano za makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, na mwamba wao, kabonatiti, ni chokaa iliyopanda kutoka chini ikiwa imeyeyuka. Wataalamu wa miamba walibishana miaka mingi kama kitu kama hicho kinawezekana, mpaka Oldoinyo Lengai ya Tanzania ilipoonekana mwaka 1960 ikimwaga lava ya jamii ya kabonatiti. Mpaka leo Lengai ndiyo volkano pekee hai duniani inayofanya hivyo. Nilipoambiwa hayo nilisimama barabarani chini ya vilima vya Sukulu nikavitazama upya.

Lakini mawe ya motoni yana tabia yake. Ndani yake kuna fosfeti, na wewe unajua fosfeti ikizidi kwenye tanuri inafanya nini: ile chembe inayoipa simiti nguvu ya siku za mwanzo haijengeki vizuri, chokaa nyingine hubaki haijafungwa, na zege inachelewa kushika. Kwa hiyo kilicho hazina kwa mkulima ni kero kwa mchoma simiti. Udongo wa Sukulu una zaidi ya tani milioni 200 za madini ya fosfeti, na mwaka 2018 Rais Museveni alizindua hapo kiwanda cha mbolea cha kampuni ya Guangzhou Dongsong kutoka China. Kilima kimoja, na viwanda viwili vinavyotaka kutoka kwake vitu vinavyopingana.

Kiwanda cha kwanza kilianza kuzalisha 1953, wakati Uganda ilipokuwa chini ya Waingereza, kikiwa mali ya Uganda Development Corporation, shirika lililoundwa 1952 ili nchi iwe na viwanda vyake. Jina lake lilikuwa Uganda Cement Industry. Reli ilikuwa imeshafika Tororo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na umeme ulikuwa njiani: bwawa la Owen Falls huko Jinja lilizinduliwa na Malkia Elizabeth II Aprili 1954. Mwaka huo huo, kumbuka, ndio Bamburi yenu ilianza kuzalisha, baada ya Felix Mandl kuiunda kampuni 1951. Tororo na Bamburi ni watoto wa rika moja. Wazee wa hapa bado wanaisimulia enzi ya king'ora cha kiwanda na nyumba za wafanyakazi. Kisha zikaja zama za Amin, Waasia wakafukuzwa 1972, vipuri vikaadimika, na tanuri likawa linawaka kwa kusuasua mpaka kiwanda kilipouzwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990. Hima, kule Kasese, nayo iliuzwa wakati huo, na mwaka 1999 ikawa ya Bamburi. Kwa hiyo kwa robo karne mfuko wa Hima ulikuwa, kwa namna fulani, ndugu wa mkono wako.

Udugu huo umevunjika. Machi 2024 Hima ilihamia mikononi mwa Sarrai Group na Rwimi Holdings, na Desemba mwaka huo Bamburi yenyewe ikanunuliwa na Amsons ya Tanzania. Wazungu wa Holcim waliokuwa na hisa kubwa wameondoka, wenyeji wa kanda wamenunua. Nafurahia hilo, ingawa mwenye kiwanda akibadilika jiwe halibadiliki uzito wake.

Na uzito ndio kiini cha habari yangu yote. Siku hizi mawe mengi ya chokaa ya Tororo hayatoki Tororo. Yanatoka Moroto, Karamoja, zaidi ya kilomita 200 kaskazini, kwenye milima ya marumaru upande wa Tapac na Katikekile. Nilizungumza na dereva mmoja aliyepaki lori lake kwenye kivuli, nyuma kumejaa mawe meupe yanayometa kama chumvi ya mawe. Akaniambia jinsi anavyopakia. Sehemu kubwa ya mawe hayo huvunjwa kwa mikono. Familia nzima inakaa machimboni, baba anachimbua kwa mtaimbo, mama na watoto wanaponda kwa nyundo, wanarundika, kisha wanangoja lori. Bei anaitaja mwenye lori. Asiyekubali anabaki na rundo lake mpaka lije jingine, na huenda lisije wiki hiyo, na Karamoja ni nchi ambayo njaa haiko mbali na mlango. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya uchimbaji wa Karamoja, likaeleza namna ardhi ya jamii ilivyogawiwa kwa kampuni bila wenyewe kuridhia. Dereva hakuwa ameisoma ripoti hiyo, ila aliyoyasimulia yalikuwa yale yale. Alisema pia kuwa mvua ikinyesha wachimbaji hawaondoki, kwa sababu siku ya mvua ndiyo jiwe hutoka kwa urahisi.

Sasa piga hesabu nami, Ami. Jiwe safi la chokaa ukilichoma, katika kila kilo 100, kilo 44 zinageuka hewa ya ukaa na kupaa. Kwa hiyo lori lililobeba tani 30 za mawe safi kutoka Moroto limebeba karibu tani 13 za kitu kitakachotoka kwenye bomba la moshi. Mafuta yamechomwa, matairi yamelika, dereva amekesha, na karibu nusu ya mzigo haikuwahi kuwa simiti. Ndiyo sababu tanuri kwa kawaida hujengwa mdomoni mwa machimbo. Bamburi iko juu ya matumbawe yake. Wazo Hill, Dar es Salaam, iko juu ya kilima chake, na Hima ya Kasese karibu na mawe yake. Tororo ilijengwa juu ya mawe yake pia, ila mawe yale yenye fosfeti kidogo hayakutosha, na sasa tanuri liko mahali pamoja na jiwe liko pengine.

Usipotaka kubeba hewa hiyo, unanunua klinka iliyokwisha kuchomwa na mtu mwingine. Ni vijiwe vyeusi vya ukubwa wa gololi, vimeshapita nyuzi joto 1,450, vimeshapoteza uzito wa bure. Havigandi kwa unyevu haraka kama simiti, hata vikisafiri juu ya lori la wazi. Unavisaga pamoja na jasi kidogo na majivu ya volkano, unatia mfukoni, unapiga chapa. Kiwanda cha namna hiyo hakihitaji mlima, kinahitaji njia. Kiwanda cha Hima hapa Nyakesi na cha Simba Cement ni vya aina hiyo, vinu vya kusaga, havina tanuri. Vimekaa hapa kwa sababu reli na barabara kutoka Mombasa zinaingia Uganda hapa, na kwa sababu kutoka hapa unafika Kampala, Mbale, Gulu na Sudan Kusini.

Kwa hiyo sehemu ya mifuko inayopita mbele ya nyumba za Paya imeanzia ng'ambo ya bahari. Viwanda vya kusaga vya Kenya na Uganda vimekuwa vikinunua klinka kutoka Misri, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, hata Vietnam. Meli moja inabeba tani elfu nyingi, na bahari ni barabara isiyokula matairi. Klinka ikitoka Ghuba mpaka Kilindini, gharama ya kila tani baharini inaweza kuwa ndogo kuliko ile ya kutoka Kilindini mpaka Malaba, zaidi ya kilomita 900 za nchi kavu. Jasi nayo ina safari yake: Oman sasa ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa jasi duniani. Jamaa zetu wa Maskati hawajui kwamba vumbi la nchi yao huenda likawa ndani ya linta ya mwalimu mstaafu wa Paya.

Nilikwenda Malaba kuona. Malori yanapangana tangu upande wa Kenya, mengine ya mafuta, mengine ya ngano, mengine yamefunikwa turubai na chini yake kumejaa klinka. Nilikaa na madereva wawili wa Mombasa, tukanywa chai, tukapiga soga za nyumbani. Mmoja wao ameifanya njia hii tangu ujana wake. Alinieleza kuwa anapenda kubeba klinka kuliko simiti, maana simiti ikinyeshewa hasara ni yako, na klinka hata ukilala nayo barabarani wiki nzima haina neno. Reli ingeweza kuwapunguzia kazi. Treni mpya ya kutoka Mombasa ilifika Naivasha 2019, na kutoka hapo mzigo unahamishiwa reli ya zamani mpaka Malaba. Kila kuhamisha ni gharama, na ndiyo maana malori hayajapungua.

Sasa nikuambie ninavyofikiri, nawe unisahihishe ukiona nimepotoka. Kusaga klinka ya wengine kunatupa viwanda, kunatupa ajira kiasi, na kumezuia bei isipae. Mwaka 2018 simiti iliadimika Uganda na bei ikaruka ghafla mpaka watu wakasimamisha ujenzi. Vinu vilivyofunguliwa Tororo vilisaidia kuituliza. Siwezi kuvibeza. Lakini thamani kubwa iko kwenye tanuri, na anayemiliki tanuri ndiye anayeamua. Meli ikichelewa Suez, au dola ikipanda, fundi wa Paya anaongezewa bei, na hakuna mtu Tororo anayeweza kumjibu kwa nini. Kenya imejaribu kulazimisha jambo hili: sheria ya fedha ya 2023 iliweka tozo ya asilimia 17.5 kwa klinka inayoagizwa kutoka nje, ili wenye machimbo ya chokaa wajenge matanuri. Wenye vinu vya kusaga walilalamika, na malalamiko yao yana ukweli, kwa sababu matanuri ni machache na wenye nayo ni washindani wao. Hata hivyo naunga mkono nia yake. Mawe tunayo. Huko Sebit, Pokot Magharibi, ng'ambo ya pili ya mpaka na Karamoja, Devki imechukua machimbo ili ichome klinka yake. Kama tanuri litajengwa Moroto vilevile, malori yatateremka na klinka badala ya mawe, na zile tani 13 za hewa hazitalipiwa nauli tena. Na wale akina mama wenye nyundo wawe na mkataba wenye bei iliyoandikwa, na mizani yao wenyewe. Bila hilo tanuri litawasogezea moshi tu.

Moshi nao si jambo dogo. Dunia inatengeneza kama tani bilioni 4 za simiti kwa mwaka, nusu yake China, na kazi hiyo inatoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa ya binadamu wote. Sisi Afrika Mashariki tunatumia sehemu ndogo mno, na shule zetu, vyoo vyetu na madaraja yetu bado havijajengwa. Sitakubali mtu aje kutuambia tusijenge. Tunachoweza ni kutumia majivu ya volkano tuliyopewa na Mungu, kama wanavyofanya huku, na kuchomea vitu tunavyotupa: Hima wamekuwa wakilisha tanuri lao maganda ya kahawa. Na hapa Tororo nimeona shule iliyojengwa kwa matofali ya kushindiliwa, udongo na simiti kidogo, hayachomwi, yanafungamana yenyewe kwa meno. Miti iliyobaki inapona. Mwalimu wangu mwenyeji anajuta kuwa alishachoma yake.

Busia ni habari nyingine. Huko Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, binamu kwa binamu, na mpaka unapita katikati ya maduka. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Februari 2018 na marais Kenyatta na Museveni, na lori sasa linakaguliwa mara moja. Wafanyabiashara wadogo wanaovusha mali isiyofika thamani ya dola 2,000 wana utaratibu wao mwepesi. Nilisimama pale asubuhi nikatazama. Wapo wachukuzi wenye ulemavu wa miguu wanaosukuma baiskeli za magurudumu matatu kwa mikono, na hao ndio mabingwa wa mpaka huu tangu zamani. Mmoja alipita amebeba mifuko ya simiti, minne kama sikukosea, imefungwa kwa mpira, kijana anamsukuma nyuma kwenye mwinuko. Ilikuwa inakwenda Kenya. Muda mfupi baadaye boda boda ikaja na mfuko mmoja kutoka Kenya kuingia Uganda. Nilimuuliza mwenye duka inawezekanaje simiti ipishane hivyo. Akanieleza kwamba shilingi mbili hizi hazitulii, wiki hii upande huu ni nafuu, wiki ijayo upande ule, na mtu anayejenga choo cha vyumba viwili anafuata shilingi mia.

Kuna jambo moja la Paya sikutaka kuliacha. Katika maboma mengi niliyotembelea, nyumba ni ya udongo, imesiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu, sakafu ni ya udongo, lakini uani pana kaburi la baba au la mama lililojengwa kwa simiti safi, limesawazishwa kwa mwiko na kuandikwa jina na mwaka kwa msumari kabla halijakauka. Katika maboma hayo, simiti ya kwanza kuingia ilikuwa ya kaburi. Sisi tunazika bila kujengea, na mwanzoni nilistaajabu. Mama mwenyeji alinieleza kwamba mvua za huku zinakula udongo haraka, na kaburi lisilojengewa baada ya misimu michache hujui liko wapi. Kisha ardhi ikigombaniwa, kaburi ndilo shahidi kwamba watu hawa wamekaa hapa. Watoto walio Kampala au Nairobi huchangishana mifuko kwa ajili hiyo. Nimeielewa simiti kwa namna ambayo viwandani nisingeielewa.

Umenifundisha tangu nikiwa mdogo kwamba machimbo yanaweza kurudishiwa uhai. Huku nimewasimulia watu habari za René Haller, alivyoanza 1971 kupanda mivinje kwenye matumbawe makavu ya Bamburi, na majani yake yalipokataa kuoza akaleta majongoo wayale na kuyageuza udongo. Wananisikiliza kwa hamu. Wanakijiji wa karibu na mashimo ya zamani wanasema mashimo yanajaa maji ya mvua, watoto wanaogelea, mbu wanazaliana, na eneo hili limekuwa na malaria nyingi tangu zamani. Kijana mmoja aliniuliza mivinje inaota kwenye mawe ya volkano au la. Sikujua. Muulize yule rafiki yako aliyekuwa kwenye bustani ya miche.

Na swali langu kwako ni hili, Ami. Fundi mmoja mstaafu wa kiwanda cha Tororo aliniambia kwamba zamani walikuwa wakichanganya mawe yenye fosfeti nyingi na yenye fosfeti kidogo ili tanuri lisisumbue. Wewe ulilisha tanuri miaka mingi. Je, jiwe la hapa likichanganywa na marumaru ya Moroto, ni sehemu ngapi kwa ngapi tanuri litakubali? Kwa sababu kama hata robo tu ya mawe ingeweza kutoka tena Tororo, malori mangapi yangepumzika kila siku? Nimemwahidi mzee huyo kwamba nitampelekea jibu lako. Anasubiri, na anataka kujua pia nyinyi mlikuwa mnapima fosfeti kwa kifaa gani.

Nisalimie shangazi na wote wa nyumbani. Mwambie Bi Mkubwa karanga za Paya ninazo kikapu kizima, nitakuja nazo nikishuka. Nitaondoka baada ya linta kufungwa, maana mwenyeji wangu ameomba niwepo.

Mwanao akupendaye.